Msafiri na Aliyebaki: Bunilizi za Sayansi za Kiswahili na Mabadiliko ya Zama, Zikisomwa kutoka Mtwara na Maingilio ya Mto Ruvuma

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya bunilizi za sayansi katika Kiswahili kwa kuihusisha na zama zilizozizaa. Hoja kuu ni kwamba historia hiyo haiwezi kupimwa kwa idadi ya mitambo inayotajwa katika matini, bali kwa namna matini zinavyoihoji ahadi ya sayansi: nani anaitoa, nani anaiendesha na nani anabaki nayo inapovunjika. Mtwara na pwani ya maingilio ya Mto Ruvuma imeteuliwa kuwa mahali pa kusomea kwa sababu ahadi za namna hiyo zimefika huko mara kadhaa. Usomaji huo unabainisha sifa moja ya utanzu huu ambayo haijapewa uzito unaostahili: Kiswahili kimejenga kwa ustadi mhusika anayesafiri kwenda kuiona dunia nyingine, lakini bado hakijampa nafasi mhusika anayebaki nyumbani huku dunia nyingine ikimjia.

1.0 Utangulizi

Swali la kama Kiswahili kina bunilizi za sayansi hujibiwa kwa njia mbili. Jibu la kwanza ni kwamba hakina, kwa kuwa utanzu huu ni zao la mapinduzi ya viwanda na jamii za Waswahili hazikupitia mapinduzi hayo. Jibu la pili ni kwamba utanzu ulianza mwaka 1995, Katama Mkangi alipochapisha Walenisi, riwaya ambayo mhusika wake mkuu anasafiri kwa chombo cha anga hadi sayari nyingine. Majibu haya yanapingana juu ya tarehe tu. Yote mawili yanakubaliana kwamba penye mtambo pana bunilizi za sayansi, na pasipo mtambo hapana.

Kipimo hicho kina upungufu wa pande mbili. Kwanza, kinaziacha nje matini ambazo zilitafakari maarifa, uvumbuzi na mustakabali wa jamii bila ya kutaja chuma wala umeme. Pili, kinaufanya mtambo uwe jambo la heri tupu, kana kwamba kuwa nao ni kuendelea na kuukosa ni kuchelewa. Historia ya Mtwara haikubaliani na dhana hiyo. Huko mitambo ilifika mapema, na mingine iliondolewa ingali mipya.

2.0 Kipimo cha Usomaji

Darko Suvin, katika kazi yake ya mwaka 1979 kuhusu mabadiliko ya utanzu huu, alieleza kwamba bunilizi za sayansi humfanya msomaji aione dunia yake kama ngeni kwa kumwekea jambo jipya ambalo halipo katika maisha ya kawaida, lakini ambalo linaweza kuelezeka kwa mantiki. Kwa mkabala huo, kinachoitofautisha bunilizi ya sayansi na ngano ni mantiki ya ugeni wenyewe. Jini la ngano halidai kuelezwa. Chombo cha anga kinadai.

Mkabala huu unafaa kwa kuwa unauhamisha mjadala kutoka kwenye mitambo na kuupeleka kwenye kazi inayofanywa na jambo jipya ndani ya matini. Hata hivyo, unaacha swali moja wazi: mantiki hiyo ni ya nani? Jambo lile lile linaweza kueleweka kikamilifu kwa aliyelileta na likawa fumbo kwa aliyeletewa. Kwa hiyo, makala haya yanaongeza kigezo cha ahadi. Kila jambo jipya huja na maneno yanayolitangulia, na maneno hayo humtaka msikilizaji asadiki kabla ya kuona. Shaaban Robert alilijua hilo alipoliita taifa lake la kubuni Kusadikika.

3.0 Walio Angani na Walio Chini

Mwaka 1861 meli ya mvuke Pioneer, ikiwa na David Livingstone, iliingia katika mdomo wa Ruvuma na kupanda mto hadi maji yalipopungua kina na kuilazimu kurudi. Miaka miwili baadaye, Jules Verne alichapisha nchini Ufaransa Cinq semaines en ballon, yaani Wiki Tano katika Puto, mojawapo ya riwaya zilizoweka misingi ya utanzu huu barani Ulaya. Safari ya kubuni ya puto hilo inaanzia Zanzibar na kuvuka bara lote hadi Senegali. Kwa maneno mengine, pwani ya Waswahili imo katika historia ya bunilizi za sayansi tangu mwanzo wake, ingawa si kama msimulizi.

Nafasi waliyopewa wenyeji katika riwaya hiyo inafaa kuangaliwa. Wakazi wa Zanzibar wanalipinga puto kwa hofu kwamba litaligusa jua na mwezi, na huko Kazeh, yaani Tabora, watu wanalidhania kuwa ni mwezi umeshuka. Msomaji anaalikwa kukaa ndani ya kapu pamoja na wasafiri na kuwatazama walio chini. Sayansi inakuwa mahali pa kusimama: aliye juu anaona ramani, aliye chini anaona muujiza. Mwaka 1898 H. G. Wells aliugeuza mtazamo huo katika The War of the Worlds. Waingereza wakawa ndio walio chini, wakivamiwa na viumbe wa Mirihi wenye silaha zisizozuilika, na msimulizi akakumbusha wazi yale ambayo Wazungu waliwatendea wenyeji wa Tasmania.

Miaka saba baada ya riwaya ya Wells, kusini mwa Tanganyika kulizuka Vita vya Maji Maji (1905–1907). Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alivisimulia vita hivyo katika utenzi, na mwaka 1969 Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, alichapisha tamthilia ya Kinjeketile. Tamthilia hiyo si bunilizi ya sayansi, wala makala haya hayadai hivyo. Inahusika hapa kwa sababu imelijadili jambo jipya linalodai kujaribiwa. Maji yameahidiwa kuzigeuza risasi. Ahadi inapelekwa mbele ya bunduki za rashasha huko Mahenge na inashindwa. Hussein hakuishia kwenye kushindwa. Kinjeketile wake anaanza kulitilia shaka neno lake mwenyewe kabla ya vita, lakini neno limekwisha kumtoka na kuwa mali ya watu. Mwishoni anapotakiwa kukiri kwamba maji yalikuwa uongo, anakataa, kwa kuwa kukiri huko kutageuzwa kuwa fundisho kwamba kupigana kulikuwa kosa.

Ndani ya kukataa huko kumo swali ambalo bunilizi za sayansi za Kiswahili zitalirudia: ahadi inapovunjika, je, matumaini yaliyoamshwa nayo nayo yamekufa? Kinjeketile anayatenganisha mambo hayo mawili. Jambo jipya limeshindwa, lakini umoja uliozaliwa kwa ajili yake umebaki kuwa kweli.

4.0 Kusadikika na Mwaka 1951

Kati ya mwisho wa miaka ya 1920 na miaka ya 1930, wasomaji wa Kiswahili walipata tafsiri za hadithi za Waingereza, miongoni mwake Mashimo ya Mfalme Suleimani na Safari za Gulliver. Kwa upande mwingine, walikuwa na hazina yao ya tenzi za Miraji na visa vya Alfu Lela Ulela, ambamo safari za mbinguni na za visiwani ni jambo la kawaida. Shaaban Robert alikusanya mikondo hii katika Kusadikika (1951), nchi inayoelea angani. Wajumbe sita wanatumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini ili walete maarifa ya kuifaa nchi yao. Kila mmoja anarudi na jambo jema, na kila mmoja anatupwa gerezani. Mtetezi wao, Karama, anayesimulia habari hizo mbele ya mfalme, naye ni mshtakiwa, kwa kosa la kutaka kufundisha sheria.

Wahakiki wamezoea kuisoma riwaya hii kama tashtiti ya utawala wa kikoloni, na usomaji huo ni sahihi. Kinachoongezwa hapa ni kwamba muundo wake ni wa utafiti: swali, safari, ushahidi na taarifa. Wajumbe hawaleti hirizi wala dhahabu, wanaleta mifano ya namna jamii nyingine zinavyojipanga. Jambo jipya katika Kusadikika ni maarifa yenyewe, na kikwazo chake ni mahakama inayokataa kuupokea ushahidi.

Mwaka ule ule wa 1951 serikali ya Uingereza iliuacha Mradi wa Karanga. Mradi huo ulikuwa umeanzishwa mwaka 1947 ili kuipatia Uingereza mafuta ya kupikia kwa kulima mamilioni ya ekari kwa mashine, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya vituo vyake vitatu vikubwa. Pauni milioni 36 hivi zilipotea. Udongo ulikuwa mgumu, mvua hazikutabirika, na matrekta yaliyotokana na mabaki ya vita yaliharibika haraka. Kusini kulibaki bandari ya kina kirefu ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli hiyo ilifungwa na kung'olewa.

Hakuna haja ya kudai kwamba Shaaban Robert aliuandikia mradi huo. Ulinganisho unafaa kwa sababu nyingine: mradi ulikuwa kinyume cha safari za wajumbe wa Kusadikika. Wajumbe walikwenda kuona kwanza, ndipo wakasema. Wapangaji wa karanga walisema kwanza, na udongo ndio uliowaonyesha. Katika mambo yote mawili, mwenyeji mwenye ushahidi hakuwa na mahali pa kuutolea.

5.0 Kipindi cha Mpango

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, fasihi ya Tanzania ilielekea kwenye uhalisia. Riwaya za Euphrase Kezilahabi kama Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979) ziliujadili ujamaa kwa wahusika wa kawaida na vijiji vinavyotambulika. Fantasia iliendelea kwa nadra, kama katika Aliyeonja Pepo (1973) ya Farouk Topan, ambamo mbingu ina makosa ya kiofisi yanayofanana na ya duniani.

Kwa mtazamo wa kawaida, kipindi hiki ni pengo katika historia ya bunilizi za sayansi. Maelezo mengine yanawezekana. Wakati huo mustakabali ulikuwa umechukuliwa na dola, ukaandikwa katika mipango ya miaka mitano na katika ramani za vijiji. Katika Mkoa wa Mtwara mpango huo ulifika mapema, kwani vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipopamba moto ng'ambo ya Ruvuma, kuwakusanya watu wa mpakani vijijini kulikuwa pia suala la ulinzi. Mwandishi aliyetaka kuuzungumzia mustakabali hakuhitaji kubuni sayari, kwa kuwa kijiji kipya chenyewe kilikuwa jambo jipya linalosubiri kuthibitishwa. Uhalisia ulikuwa njia ya kukagua ahadi ambayo tayari ilikuwa imekwisha kutangazwa.

Mwaka 1986 Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mpango wa zamani ukaanza kufumuliwa. Miaka michache baadaye, Kezilahabi yule yule aliuacha uhalisia akaandika Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya ambazo wakati ndani yake haunyooki, wanafikra wa Ulaya wanakutana na wazee wa Kiafrika, na dunia inafika mwisho na kutafuta mwanzo mwingine. Wahakiki wameziweka chini ya jina la riwaya mpya. Katika historia inayojadiliwa hapa, zinaonyesha kitu mahususi: mustakabali wa dola ulipoporomoka, ulirudi mikononi mwa wabunifu, lakini ulirudi ukiwa magofu.

6.0 Walenisi: Adhabu Iliyogeuka Safari

Katama Mkangi, mwanasosholojia wa Kenya aliyewahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980, aliandika Walenisi katika mazingira ya utawala uliowafunga wapinzani wake. Mhusika wake Dzombo anahukumiwa kifo, na hukumu hiyo ni kupakiwa ndani ya chombo kinachorushwa angani, katika safari ambayo hakuna aliyetarajiwa kurudi. Chombo kinamfikisha Walenisi, jamii isiyo na tabaka, ambayo jina lake ukilitenganisha linasomeka wale ni sisi.

Umuhimu wa riwaya hii hautokani na kuwamo kwa chombo cha anga, bali na kazi ya chombo hicho katika msuko. Katika riwaya ya Verne chombo ni tunu ya mvumbuzi. Kwa Mkangi ni mali ya dola na kimetengenezwa kuua. Mhusika hakukibuni wala hakukichagua. Ukombozi unaanza pale ambapo mtambo wa hukumu unamfikisha mahali ambapo wenye mtambo hawakukusudia. Huu ni mchango wa Kiswahili katika utanzu huu ambao hauwezi kuitwa mwigo: sayansi inafika kwanza kama adhabu, na ubinadamu wa mhusika ndio unaoigeuza kuwa njia.

Udhaifu wa Walenisi ni kwamba jamii njema imekamilika kabla ya mgeni kufika. Dzombo anafundishwa kwa mazungumzo marefu, na wenyeji wake hawana shaka yoyote. Karama wa Kusadikika alihojiwa na mahakama. Walenisi haihojiwi na mtu. Tashtiti inapoigusa nchi aliyotoka Dzombo ina makali, lakini inapofika nchi aliyoiendea inageuka mahubiri.

7.0 Utandawazi na Msafiri Asiye na Mahali

Mwanzoni mwa karne ya 21 dhamira iliyotawala ilikuwa utandawazi. Katika Babu Alipofufuka (2001), Said Ahmed Mohamed anamtumia babu aliyetoka kaburini kumzungusha K, mtu wa tabaka la watawala, ili aione nchi ambayo amekuwa akiinyonya. Katika Bina-Adamu! (2002), Kyallo Wamitila anampitisha msimulizi wake katika kijiji cha dunia kinachotawaliwa na nguvu ya P.P., yaani Peter Pan, mtoto asiyekua anayeichezea dunia.

Kazi hizi zimepiga hatua moja muhimu. Jambo jipya halimo tena ndani ya chombo kimoja kinachoonekana, limesambaa katika mtandao wa biashara, silaha na habari ambao hauna kiti kimoja cha rubani. Mohamed amefanikiwa zaidi katika kulitia jambo hilo ndani ya maisha ya mtu, kwa kuwa K anaumia na anaogopa. Msimulizi wa Wamitila hupita kila mahali, na kila mahali panakuwa istiari kabla hapajawa mahali. Dunia nzima inaonekana, lakini hakuna sehemu yake inayonusika.

8.0 Aliyebaki

Kusadikika, Nagona, Walenisi, Babu Alipofufuka na Bina-Adamu!, kazi zilizoandikwa katika kipindi cha nusu karne, zinashiriki kunga moja: mhusika anaondolewa katika mazoea yake, anaonyeshwa, anaelimika. Kunga hii ina asili yenye heshima katika Miraji na katika ngano za safari. Hata hivyo, inajenga dhana kwamba ukweli uko mbali na mtu lazima asafiri ili auone.

Historia ya karibuni ya Mtwara inakwenda kinyume na kunga hiyo. Gesi iligunduliwa katika Ghuba ya Mnazi mwaka 1982. Mwaka 2000 eneo hilo hilo likatangazwa kuwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye masharti ya uvuvi yanayotetewa kwa jina la vizazi vijavyo. Gesi ilipoanza kuzalisha umeme wa mikoa ya kusini na wawekezaji wakaongezeka, msemo Mtwara kuchele, yaani kumekucha, ulienea kama kauli ya matumaini. Kisha ulitangazwa mpango wa kujenga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Maandamano yalifanyika, na Mei 2013, bajeti ya wizara husika iliposomwa bungeni, ghasia zilizuka na watu walipoteza maisha. Bomba hilo, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500 kutoka mitambo ya Madimba, lilizinduliwa mwaka 2015.

Katika kisa hiki mkazi wa Msimbati hasafiri kwenda popote. Kinachosafiri ni kilicho chini ya miguu yake. Mustakabali haumngojei katika sayari nyingine. Umetandazwa mbele ya nyumba yake ukiwa na uzio, nao una maelezo mawili yasiyopatana, la kumtaka avue kidogo kwa ajili ya wajukuu na la kumtaka aridhie uchimbaji kwa ajili ya taifa. Mhusika wa namna hii hawezi kubebwa na kunga ya safari. Akipakiwa ndani ya chombo na kupelekwa Walenisi, swali lake litakuwa limekwepwa.

Pingamizi linaweza kutolewa kwamba mambo haya ni ya riwaya ya kihalisia, wala hayahitaji bunilizi za sayansi. Jibu ni kwamba uhalisia unaweza kueleza ghasia na uzio, lakini unapata shida kuonyesha nyakati mbili zikikaa mahali pamoja: reli iliyong'olewa na bomba lililolazwa, ahadi iliyokufa na ahadi iliyo hai. Kazi hiyo ndiyo bunilizi za sayansi zinayoiweza. Tena, mfano wa kisanaa uko karibu. Wachongaji wa Kimakonde, tangu miaka ya 1950, wamechonga mashetani ambao viungo vyao vimehama mahali, jicho likawa begani na mguu ukatokea mdomoni, na kiumbe chote kikabaki kimeshikamana katika kipande kimoja cha mpingo. Kiumbe huyo hakutoka sayari nyingine. Ni mwili wa hapa hapa uliopangwa upya na nguvu asiyoitawala.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba bunilizi za sayansi za Kiswahili zimebadilika pamoja na zama kwa mpangilio unaoelezeka. Chini ya ukoloni zilidai haki ya ushahidi. Katika miaka ya ujamaa zilipungua kwa sababu dola lilikuwa limeuchukua mustakabali. Baada ya mageuzi ya uchumi zilirudi kupitia magofu, zikaugeuza mtambo wa adhabu kuwa njia, kisha zikakabiliana na nguvu isiyo na kiti cha rubani. Katika hatua zote hizo hazikuuliza hasa mtambo unafanyaje kazi. Ziliuliza nani aliuahidi na nani atahesabiwa unaposhindwa.

Kwa msingi huo, madai kwamba Kiswahili kimechelewa katika utanzu huu hayana nguvu. Upungufu uliobainika ni mwingine, nao ni wa kisanaa: kumtegemea mno msafiri. Usomaji kutoka maingilio ya Ruvuma unaonyesha kwamba kuna mhusika mwingine ambaye ameona meli ikiingia, reli ikiondoka na bomba likipita, bila ya yeye kuhama. Tathmini ya riwaya zitakazofuata haina budi kumwangalia mhusika huyo kama amepewa sauti, na kama ushahidi wake umepata mahakama ya kuupokea.